Miaka miwili katika chemba ya biashara ya kanda: tathmini ya mwanachama

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka mashariki mwa Uganda. Ninanunua mahindi na maharage kwa wakulima wa wilaya zilizo karibu na Mlima Elgon, kisha ninayauza kwa wasagishaji wa upande wa Kenya kupitia Busia na, mara chache, Malaba. Nimekuwa mwanachama wa chemba ya biashara ya kanda kwa miaka miwili, na kwa kuwa wenzangu wa sokoni hawachoki kuniuliza kama ada ile inarudi, nimeona niwajibu kwa maandishi. Ofisi yenyewe sitaitaja kwa jina, kwa sababu watumishi wake ni wachache na kasoro nitakazozieleza zimetokana na utaratibu, wala si na mtu fulani.

Kabla mtu hajalipa, inafaa aelewe kwamba chemba ni chama cha wafanyabiashara, si idara ya serikali. Chemba ya kitaifa ya biashara na viwanda ya Uganda ilianzishwa mwaka 1933, na hadi leo kujiunga na chemba katika nchi yetu ni hiari. Ujerumani, kwa mfano, sheria inazilazimisha kampuni kuwa wanachama na kuchangia, ndiyo maana chemba za huko zina fedha za kuendesha hata mitihani ya mafunzo ya ufundi. Ya kwetu huishi kwa ada, kwa michango ya wafadhili na kwa malipo ya huduma, na anayeingia akitarajia nguvu za dola atarudi na masikitiko.

Huduma iliyonifaa kuliko zote inahusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Wasomaji wengi wanakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, halafu siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iambatane na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakati huo sikuwa mwanachama, na habari nilizipata kwa madereva wa malori, kila mmoja na yake. Nilikuwa nikipima ukavu wa mahindi kwa kuyauma, kama alivyofanya baba yangu, na sikuwahi kuambiwa kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Meno ya mtu hayawezi kutofautisha asilimia 13 na 15, ilhali ni katika tofauti hiyo ndogo kuvu hupata nafasi ya kukua ndani ya ghala.

Chemba ilitufundisha jambo hilo kwa siku mbili, ghalani na si darasani. Tulionyeshwa kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa, na kwamba haienei sawasawa katika shehena: gunia moja linaweza kuwa salama na la jirani yake likawa limeharibika, kwa hiyo anayechomeka bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani, kwenye magunia mawili ya mbele, akachota konzi moja na kuipeleka maabara, anajidanganya mwenyewe hata kama majibu yatakuwa mazuri. Tangu hapo ninachota kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, ninachanganya, ndipo ninatoa sampuli. Ofisi ina kipimo cha unyevu ambacho wanachama huazimana kwa zamu, na sampuli zetu hukusanywa na kupelekwa maabara kwa safari moja, hivyo nauli tunagawana. Kwa mtu wa magunia mia moja au mia mbili, kugawana huko ndiko kunakomwezesha kupima. Peke yangu nisingeweza kulipia safari hiyo kila shehena. Wakulima wanaoniuzia nao wamebadilika, kwa kuwa sasa ninawalipa zaidi wanaoanika juu ya maturubai kuliko wanaoanika chini kwenye udongo.

Upande wa karatasi, niliwakuta waaminifu, na hilo nalisifu kwa moyo wote. Nilipokwenda kuomba cheti cha asili ya bidhaa, nilidhani chemba ndiyo inayonitolea. Mtumishi wa zamu alinieleza kwamba cheti cha asili kinachompa mtu nafuu ya ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutolewa na forodha ya Mamlaka ya Mapato, na kwamba shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ikiwa bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa, huandikiwa cheti rahisi papo hapo mpakani. Angeweza kunitoza kitu kwa kunishughulikia, nisingejua. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, lakini wachuuzi wengi, hasa kina mama wanaovusha magunia matatu au manne, bado hupita njia za panya kwa kutojua kwamba cheti hicho kipo. Wakikamatwa huko hupoteza mtaji wote. Chemba ingeweka meza moja tu pale mpakani siku za soko, ingewaokoa wengi.

Niliwatumia pia katika deni. Mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka alichelewa kunilipa msimu mzima, na barua ya chemba kwa wenzao wa upande ule ilimleta mezani. Nililipwa kwa awamu tatu, bila wakili wala mahakama.

Sasa niseme yanayoniuma. Mikutano ya wanachama hufanyika hotelini, katikati ya juma, mara nyingi siku ile ile ya soko, na huendeshwa kwa Kiingereza tangu dua ya kufungua hadi mwisho. Katika eneo hili mfanyabiashara huzungumza Kisamia, Kiteso au Kigisu nyumbani, na akifika mpakani lugha inayomkutanisha na Mkenya ni Kiswahili. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sijapokea hata tangazo moja la chemba kwa lugha hiyo. Matokeo yake ni kwamba wanaosema mkutanoni ni wale wale wenye kampuni kubwa, na maombi yanayopelekwa serikalini ni ya kwao. Mafunzo ya mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, ambao wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) walianza kulazimika kuutumia Januari 2021, yalitufikia sisi wa nafaka baada ya Aprili 2024, wakati maduka ya Kampala yalikuwa yamekwisha fungwa kwa mgomo kwa sababu ya mfumo huo huo. Kazi ya kwanza ya chemba ni kusikia manung'uniko yakiwa bado madogo na kuyafikisha panapohusika, na hapo imeshindwa. Nimelisema mkutanoni, kwa Kiswahili, na walionipigia makofi walikuwa wamekaa viti vya nyuma.

Ada ya mwaka ni sawa na faida yangu ya magunia kama kumi na tano. Mwaka wa kwanza niliirudisha kwa shehena moja iliyokubaliwa bila kurudishwa mpakani. Kwa anayevusha nafaka, maziwa, mayai au kahawa, ningemshauri ajiunge kabla ya msimu wa mavuno, si baada yake, kwa sababu kipimo cha unyevu huwa na foleni ndefu mahindi yakishaanza kuingia. Mwenye duka la rejareja mjini aliniuliza juzi kama naye alipe. Nilimwambia asubiri, kwa kuwa kwa sasa sioni huduma atakayoipata pale ambayo hawezi kuipata katika chama cha akiba cha mtaani kwake. Mimi nimelipa ya mwaka wa tatu, na pamoja na stakabadhi nimewaachia barua ya kuomba meza ya Busia, yenye sahihi za wanachama ishirini na mmoja.