Mafunzo ya bure ya QGIS: nani aanzie wapi

Wadau wa ramani, kuna watu wanalipia kozi ya QGIS, ile programu ya bure ya kutengeneza na kuchambua ramani kwenye kompyuta, bei mbaya kabisa wakati mafunzo yenyewe yapo bure kwenye tovuti ya QGIS, na mimi naona yanazishinda kozi nyingi.

Kikubwa ni kwamba hawajarundika watu wote darasa moja. Kama hata leya (tabaka moja la data kwenye ramani) hujui ni nini, anza na Gentle Introduction to GIS (GIS ni mfumo wa taarifa za kijiografia), ile imetoka Afrika Kusini, Eastern Cape, wenyewe waliwalenga walimu na wanafunzi so lugha yake nyepesi. Ukitoka hapo unaingia Training Manual, yaani kitabu cha mazoezi, na hapa ndo utamu ulipo. Mazoezi yamewekewa nyota, moja rahisi, mbili ya kati, tatu ngumu, majibu yapo lakini yamefichwa mpaka ubofye mwenyewe, kwa hiyo anayejua na asiyejua wanaweza kukaa meza moja kila mtu na zoezi lake. Na zoezi lina kazi ya kweli, mfano unatafuta nyumba mji wa Swellendam huko Afrika Kusini, iwe ndani ya kilomita moja toka shule, ndani ya mita 50 toka barabara kubwa, ndani ya mita 500 toka mgahawa, yaani unajifunza bafa (eneo la umbali fulani kuzunguka kitu) bila kukariri vitufe.

Wanaofundisha wengine msiruke sehemu ya kuandaa data, inakuonyesha jinsi ya kutoa Swellendam ukaweka mji wako kwa kutumia OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya dunia inayochorwa na watu wenyewe. Kwa Dar data ipo ya kutosha, vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar, walianza kuchora tangu 2015, we badili tu swali, badala ya mgahawa waambie watafute nyumba zilizo karibu na mto Msimbazi, utaona darasa zima linaamka maana mafuriko kila mtu anayajua.

Kasoro zipo. User Guide inaeleza kila kitufe, nzuri kwa kutafutia kitu ila mgeni akianzia humo atakata tamaa mapema sana, na jamani ukurasa wa mwanzo ungemwambia hivyo waziwazi. Halafu maelezo yanafuata toleo la LTR (Long Term Release, toleo linalotunzwa muda mrefu), ukiweka toleo jipya zaidi menyu zingine hazifanani na picha, mwanafunzi anadhani kakosea kumbe wala. Wekeni LTR kwenye kompyuta zote kabla ya siku ya mafunzo, na data mdaunlodi mapema mgawane kwa flashi, msitegemee intaneti ya ukumbini.