Fomula za kuhesabu nani kavua na nani: COUNTIFS, SUMPRODUCT na MMULT

Wadau, hii ni rivyu ya fomula za Google Sheets (programu ya majedwali ya kuhesabia) sio ya hoteli, kama umekuja kutafuta mgebuka wa kukaanga pitiliza tu.

Ishu iko hivi, mjomba wangu ana mitumbwi miwili ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, vijana wake 12 wanapishana, leo huyu yupo kesho kaenda shamba, na daftari la mahudhurio naandika mimi. Akataka kujua kina nani wamezoea kutoka pamoja ili akigawa timu asiwatenganishe wanaoelewana kwenye kuvuta wavu. Kwa kalamu sahau, watu 12 wanatoa jozi 66 na ukitaka watatu watatu zinakuwa 220. Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 ndo nikapata upenyo wa kuingiza daftari lote kwenye Google Sheets.

Kazi kubwa sio fomula, ni mpangilio. Kila mstari uwe mtumbwi mmoja kwa usiku mmoja, sio usiku tu, la sivyo aliyekuwa mtumbwi huu na aliyekuwa ule watahesabiwa walikuwa pamoja wakati hata hawakuonana huko ziwani. Juu unaweka majina, kila mtu na kolamu yake, kuanzia B mpaka M, aliyekwenda 1, ambaye hakwenda 0. Ukiandika majina yenyewe ndani ya mistari utaumia, maana jina likiwa na nafasi mwishoni fomula inaliona ni mtu mwingine kabisa, afadhali herufi kubwa na ndogo haijali.

Sasa COUNTIFS. Unaandika =COUNTIFS(B2:B80,1,C2:C80,1) inakupa mara ngapi mtu wa kolamu B na wa kolamu C walikuwa wote, kuanzia mstari wa 2 mpaka wa 80. Rahisi, hata mtu wa steshenari anakuelewa ukimwelekeza, na kwenye Excel ipo tangu 2007 kwa hiyo laptopu ya kizamani nayo haikatai. Shida ni kwamba jozi ni 66, nani ataandika hizo zote? Nyota tatu.

MMULT ndo habari ya mjini. =MMULT(TRANSPOSE(B2:M80),B2:M80) unaiweka kwenye seli (kisanduku) moja tu, unabonyeza enta, jedwali zima la 12 kwa 12 linamwagika lenyewe, kila mtu na kila mtu. Ila ina nongwa, ukiacha hata seli moja tupu inakurudishia kosa, kwa hiyo sifuri uziandike zote usione uvivu. Kwa Excel ya zamani lazima kwanza uchague eneo lote la jedwali halafu ubonyeze Ctrl+Shift+Enter. Nyota nne na nusu.

Halafu msikimbilie namba kubwa jamani. Kwenye jedwali hilo la MMULT, ule mstari wa kukatiza toka kona ya juu kushoto mpaka chini kulia unaonyesha kila mtu katoka mara ngapi jumla, na huo ndo wenye siri. Chukulia wawili wametoka pamoja mara 30, unashangilia, kumbe kila mmoja katoka mara 60, yaani nusu tu. Wengine wako pamoja mara 14 lakini mmoja wao katoka mara 15 kwa jumla, hao sasa ndo mapacha. Mtu asiyekosa hata siku moja atakutana na karibu kila mtu, haina maana anawapenda. Mimi nagawanya kwa jumla ya yule aliyetoka mara chache, naona inatenda haki zaidi.

Kwa simu inawezekana ila kuandika fomula ndefu kwa kidole gumba ni adhabu, tafuta laptopu hata ya kuazima. Google Sheets yenyewe ni bure haina malipo, na bila bando inafanya kazi pia mradi uwe umewasha hali ya nje ya mtandao mapema ukiwa bado na intaneti.

MMULT haiwezi watatu, hapo unarudi kwa COUNTIFS unaongeza kolamu ya tatu ndani, yaani =COUNTIFS(B2:B80,1,C2:C80,1,D2:D80,1).

Na SUMPRODUCT? Kwa kuhesabu tu sikuona inachoongeza, ila mjomba keshaanza kuuliza jozi ipi inarudi na dagaa wengi, na hapo ndo zamu yake. Mabeseni ya kila mtumbwi kwa kila usiku yanakaa kolamu N, unaandika =SUMPRODUCT(B2:B80,C2:C80,N2:N80) inakupa jumla ya mabeseni waliyoleta wakiwa wote, ukigawanya kwa mara walizotoka pamoja unapata wastani. Kwenye N andika namba tupu, 5 na sio "beseni 5", maana ikikuta maneno inahesabu sifuri na wala haikwambii.