Moto, miwani na nyuso zilizopakwa rangi: uzoefu wangu na Lord of the Flies

Nakala yangu ya Lord of the Flies, riwaya ya Mwingereza William Golding, niliinunua kwa shilingi 6,000 kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Dar es Salaam. Jalada lilikuwa limechanika pembeni, hilo nililiona. Sikuona kwamba sura ya tisa ilikuwa imenyofoka kurasa nne. Niligundua nilipofika hapo, saa tano usiku, na hapo ndipo kisa kinapopamba moto. Ikabidi ningoje siku tatu nikaazime nakala ya mwenzangu. Ukinunua cha mitumba, kifungue palepale uhesabu kurasa kabla hujatoa hela.

Tulikisoma watu saba. Huwa tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi nyumbani kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu, tunakunywa chai na kuzungumzia kitabu tulichokubaliana. Vitabu vingine huisha kikao kimoja. Hiki kilitukalisha vikao vitatu, na katika kile cha pili watu wawili waliondoka bila kuagana.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Vita vya nyuklia vimezuka, wavulana wa Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, ndege inatunguliwa, nao wanajikuta kisiwani bila mtu mzima hata mmoja. Wanampigia kura Ralph awe mkuu wao. Jack, kiongozi wa wanakwaya, anajitwalia uwindaji. Kuna mtoto mnene mwenye pumu, wanamwita Piggy, na yeye ndiye mwenye akili kuliko wote, tena ndiye mwenye miwani inayowashia moto. Kuna kome kubwa la baharini wanalolipuliza kama baragumu kuita mkutano, na aliyelishika mkononi ndiye mwenye zamu ya kusema. Juu mlimani kuna moto wa kuita meli. Kuanzia hapo vitu hivyo vinaharibika kimoja baada ya kingine. Mdogo mmoja anapotea katika moto wa kwanza, wawili wanauawa na wenzao, na Ralph anaponea chupuchupu kwa sababu kisiwa kinachomwa moto ili atolewe mafichoni, kisha moshi uleule unaleta meli ya kivita.

Mgawanyiko wetu wa kwanza ulikuwa juu ya siasa. Kijana mmoja wa kundi letu, fundi wa umeme wa jua, hupenda sana hadithi za watu kuokoka porini. Alitaka kujua maji waliyapata wapi, vibanda walivijengaje, samaki waliwavuaje. Alikerwa kweli. "Mimi nilitaka kisiwa," alisema, "huyu bwana ananipa bunge." Wawili walimuunga mkono. Walisema kura, mikutano na zamu za kusema ni mambo ambayo mwandishi kayachomeka humo kutoka kwingine, na kwamba mtu mwenye njaa porini hana nafasi ya siasa.

Hapo nilisema kitu, na ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Mimi nimezaliwa Dodoma, nimechunga tangu nina miaka saba. Kiangazi maji tulikuwa tukiyapata kwenye mchanga wa korongo. Unachimba mpaka kiunoni, unaendelea mpaka kichwa kinazama, ndipo mchanga unapoanza kulowa. Mmoja anaingia shimoni, anateka kwa kibuyu, anampa aliye juu, wa juu anamimina kwenye hori la udongo tulilolifinyanga ukingoni. Kibuyu kimoja, unasubiri maji yachuruzike, kibuyu kingine. Nyuma yako ng'ombe thelathini wanalia kwa kiu na hakuna baba wala kaka wa mtu karibu. Maji yapo, umeshayaona. Swali linalobaki ni ng'ombe wa nani waanze.

Mwaka mmoja mvulana aliyetuzidi sote umri na nguvu alikataa zamu. Akaja na fimbo, akapitisha ng'ombe wake mbele. Hatukumpiga, tusingemweza. Aliyekuwa shimoni alipanda tu juu, akakaa kwenye mchanga, akajifuta miguu. Hakuna aliyeshuka badala yake. Yule mkubwa angeweza kuteka au kumimina, lakini hakuweza kuwa chini na juu kwa wakati mmoja. Alisimama pale mpaka kivuli cha mgunga kikahama, kisha akarudisha ng'ombe wake nyuma ya mstari. Huyo alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, sisi wengine nane, tisa, kumi. Hatukuwa tumefundishwa uraia na mtu.

Kwa hiyo anayetaka kuokoka porini kuondolewe siasa, mimi sioni kitakachobaki. Sura bora ya kitabu hiki kwangu ni ile ambayo wawindaji waliopewa zamu ya kulinda moto wanauacha ili wakamkimbize nguruwe. Meli inapita upeo wa bahari, na mlimani hakuna moshi. Wanarudi wakiimba na nyama yao begani. Wote wana njaa, na nyama ni nzuri, na Ralph mwenyewe anaila. Hapo mwandishi hakuchomeka chochote. Yeyote aliyewahi kukaa na wenzake mahali pasipo na mkubwa anaijua hiyo hasira ya Ralph, na anaijua pia furaha ya Jack.

Fundi alikubali nusu. Lakini akaleta hoja ambayo hatukuwa nayo. Piggy ni mtu asiyeona mbali, kitabu chenyewe kinasema hivyo. Miwani ya asiyeona mbali ina lenzi nyembamba katikati na nene pembeni, na lenzi ya namna hiyo hutawanya mwanga. Haiwezi kuwasha moto. Tulikwenda uani saa saba mchana kujaribu. Miwani yangu ya kuonea mbali tuliishika juu ya makumbi makavu ya nazi. Chini yake palitokea kivuli chenye duara la mwanga ukingoni, na makumbi yakabaki baridi. Kisha mama mwenye nyumba akatoa miwani yake ya kusomea. Fundi aliisogeza juu na chini juu ya gazeti mpaka mwanga ukawa doa dogo kama punje ya mtama, akalielekeza kwenye herufi nyeusi ya kichwa cha habari, na moshi mwembamba ukaanza kupanda. Mtu anayetafuta maarifa ya porini katika kitabu hiki ajue kwamba kosa hili liko kwenye kiini chake, maana miwani hiyo ndiyo inayogombaniwa mpaka watu wanakufa.

Mgawanyiko wa pili ulikuwa mzito zaidi. Jack anajipaka uso udongo mweupe na mwekundu na mkaa, na mwandishi anatuambia kwamba nyuma ya rangi hiyo aibu imemtoka. Kuanzia hapo rangi inasambaa, na kadiri inavyosambaa wale watoto wanapoteza majina yao na kuitwa washenzi tu. Wana mikuki, wanacheza kwa duara, wanaimba, na katika duara hilo ndimo anamouawa Simon, mpole kuliko wote. Katika toleo la kwanza la Uingereza Piggy, dakika chache kabla hajafa, anatumia tusi la watu weusi kuwaelezea hao waliojipaka rangi. Matoleo ya baadaye yalibadilisha neno. Picha ilibaki.

Mimi nimepita mara nyingi barabara ya Arusha kwenda Karatu. Msimu wa jando unakutana na vijana wa Kimaasai wamevaa nguo nyeusi, nyuso zimechorwa kwa rangi nyeupe, nukta na mistari. Rangi ile haiwavui aibu. Inasema kijana huyu ametoka jandoni, anajulikana ni wa nani, wa rika gani, na lipi halimpasi tena. Kuna sheria nyingi juu ya uso ule kuliko juu ya uso mtupu. Kwa Golding rangi usoni ni mlango wa kutoka katika sheria. Kwao ni mlango wa kuingia.

Mama mwalimu alikitetea kitabu, na alikitetea vizuri. Alitukumbusha kwamba mwaka 1857 R. M. Ballantyne aliandika The Coral Island, ambamo wavulana watatu wa Kiingereza wanaishi kisiwani kwa ushujaa na uovu wote unatoka nje yao. Golding alichukua majina ya Ralph na Jack kutoka humo makusudi, awajibu Waingereza wenzake: mnayemwogopa yuko ndani yenu. Na mwishoni, ofisa wa jeshi la majini anapowashangaa watoto wa Kiingereza kwa kushindwa kujiheshimu, nyuma yake imetia nanga meli ya kuua watu. "Mwanangu," aliniambia, "hicho ni kitabu kinachowasema wao, si sisi."

Nilimjibu kwa heshima, na bado nasimamia jibu langu. Kumwambia Mwingereza kwamba naye anaweza kuwa mshenzi hakujaondoa neno mshenzi. Limebaki na mkuki wake, ngoma yake na rangi yake, ni mtu tu aliyebadilishwa. Tena sisi wa bara neno hili tumeitwa muda mrefu, na waliotuita si wazungu peke yao. Dada mmoja wa kundi letu, mzaliwa wa Lamu, ambaye dakika kumi kabla alikuwa amezungumza kwa mapenzi juu ya siwa ya mji wao, lile baragumu la sherehe, akiilinganisha na lile kome la mikutano, alinyamaza. Kisha akasema, "Ni kweli, kaka. Kwetu lilisemwa." Hicho ndicho kikao ambacho watu wawili waliondoka bila kuagana. Yeye alibaki.

Katika kikao cha tatu nililetewa habari ya Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1965 vijana sita walitoka mji mkuu wa Nuku'alofa kwa mashua, wakapigwa na dhoruba, wakaelea siku nane, wakatua kisiwa cha 'Ata kisicho na watu. Walikaa miezi kumi na mitano hivi. Waliwasha moto na hawakuuacha uzimike, walipanga zamu za shamba na jiko, walichimba magogo kukinga maji ya mvua, na mmoja alipovunjika mguu wenzake waliufunga ukapona. Nahodha Mwaustralia, Peter Warner, aliwakuta mwaka 1966 wakiwa wazima. Mwandishi Mholanzi Rutger Bregman aliisimulia upya mwaka 2020 kama ushahidi dhidi ya Golding, na tangu hapo wasomaji wengi huitumia kukifunga kitabu hiki.

Mimi kilichonishika ni jambo jingine. 'Ata haikuwa tupu tangu zamani. Ilikuwa na watu mpaka mwaka 1863, meli ya watumwa ilipokuja ikawabeba wengi wao, na mfalme wa Tonga akawahamisha waliobaki. Kuku na ndizi walizokula wale vijana zilikuwa mabaki ya kijiji hicho. Hadithi ya kisiwa kitupu ina uzuri wake mpaka uulize kwa nini ni kitupu. Golding hakuuliza, kisiwa chake hakina hata kaburi.

Mzee wetu, aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) enzi zake, alituonya tusikimbilie kushangilia. Wale wa Tonga walikuwa sita na walikuwa marafiki kabla ya safari. Wa kitabuni ni wengi, hawajuani, wametupwa pamoja, na kati yao kuna kundi ambalo tayari lilikuwa na sare na amri. "Kwaya ilifika imeshapangwa," alisema. Hilo sikuwa nimeliona, na niliporudia sura ya kwanza niliona ni kweli: wanakwaya wanakuja wakitembea mistari miwili ufukweni juani, wamevaa majoho meusi, na mmoja anazimia. Rangi usoni haikuanza kitu. Amri ilikuwapo tangu walipokuwa wamevaa misalaba kifuani. Hoja hiyo ya mzee imenisogeza karibu na kitabu kuliko utetezi wa mwalimu.

Golding mwenyewe alikuwa mwalimu wa wavulana mjini Salisbury, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshi la majini la Uingereza, akawa anaongoza chombo cha kurusha makombora siku ya kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Muswada wake ulikataliwa na wachapishaji wengi kabla Faber hawajautoa mwaka 1954. Nobeli alipewa mwaka 1983. Nayataja kwa sababu nilipoyajua niliacha kumsoma kama mtu aliyekaa kitini akibuni uovu wa watoto.

Nampa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyomnyima ni ya zile nyuso. Kiingereza chake kinapanda. Maelezo ya msitu na mwanga yanahitaji kamusi, na sura ya tatu nilitaka kuiruka. Usiiruke, Simon yumo. Mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu asiachiwe akisome peke yake. Kifo cha Piggy kimeandikwa kwa mistari michache tu, na mimi, mtu mzima, nilifunga kitabu nikatoka nje.

Nakala yangu iko kwa mzee. Kurasa nne za sura ya tisa nimezinakili kwa mkono, nikazipachika mahali pake.