Uzoefu wangu: baskeli ya springi mbele na nyuma kwenye vilima vya Pemba

Anayesema Pemba hakuna milima ya kuhitaji baskeli kama hii hajapanda kutoka bonde la mpunga hadi juu kwenye mikarafuu. Vilima ni vifupi, ila vimesimama, na vinafuatana. Hii yangu ina magurudumu ya inchi 29, springi za upepo zenye mwendo wa milimita 150 mbele na 140 nyuma, fremu ya alumini na gia 12 za Shimano Deore. Uzito wake ni kilo 15 na ushei.

Watu huogopa kuwa springi ya nyuma inakula nguvu za kupandia. Inakula ukiijaza vibaya. Shokapu yangu, yaani hiyo springi ya nyuma, yenyewe hubonyea milimita 55; zile 140 ni mwendo wa gurudumu. Ukikaa na begi lako mgongoni inatakiwa izame karibu asilimia 30, yaani milimita 16. Sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye mti wa shokapu hadi kwenye sili, panda taratibu bila kuruka, shuka, kisha pima kwa rula. Foku, yaani springi ya mbele, nayo izame milimita 30. Upepo ukizidi, tairi linadunda juu ya mizizi na kuteleza; ukipungua, baskeli inakaa matako na pedeli zinagonga mawe. Pampu ya kawaida haifai hapa, kwani shokapu hutaka upepo wa psi 150 na zaidi. Nunua pampu yake maalumu pamoja na baskeli.

Spoketi ya mbele ina meno 32 na kubwa ya nyuma 51: mguu ukizunguka mara moja, gurudumu linazunguka kama mara 0.6 tu. Kilima cha kushuka na kusukuma, hapa unakipanda umekaa, kifua mbele. Kipini cha kukaza shokapu nakitumia kwenye lami pekee. Kwenye udongo kiache wazi, maana springi inayocheza ndiyo inayoligandisha tairi chini.

Kwenye mteremko ndipo pesa yake inapoonekana. Kiti kinashuka kwa kubonyeza kitufe mkononi, uzito unarudi nyuma, na mawe ambayo kwenye foku isiyo na springi yangekung'oa mikono kwenye usukani yanapita chini kama matuta madogo.

Matairi hayana tyubu. Ndani nimetia gundi ya maji ya kuziba matundu, mililita 110 kila moja, na psi 23 mbele, 26 nyuma. Miiba haisumbui tena. Kinachosumbua ni maweni upande wa Micheweni: jiwe la matumbawe hupasua ubavu wa tairi, na tundu kubwa hapo gundi haizibi. Beba vizibo, tyubu moja na kipande cha tairi kuukuu cha kupachika kwa ndani. Joto letu hukausha gundi upesi, kwa hiyo fungua uangalie kila baada ya miezi miwili.

Sasa breki, na hapa nakusihi usikilize. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Maduka ya spea za magari yatakuuzia DOT 4, mafuta ya breki za gari. Ukiitia humo, sili zinavimba na breki imekufa. Agiza chupa ya mafuta yenyewe mapema.

Adui mkubwa kuliko mawe ni chumvi. Beringi za viungo vya fremu hutiwa grisi kidogo kiwandani, na hewa ya pwani inaziingia. Usioshe kwa mashine ya maji ya nguvu. Ndoo na brashi vinatosha. Nazifungua na kujaza grisi mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Foku nayo hubadilishwa mafuta ya kwenye miguu yake ya chini kila baada ya saa 50 za kuendesha.

Ukinunua iliyokwisha tumika, shika kiti uinue taratibu. Ukisikia kinagonga kabla gurudumu la nyuma halijaondoka chini, beringi au bushi za shokapu zimekwisha. Punguza bei, au iache.