Ofisi Iliyokaa na Namba ya Mwanangu

Nilishasema nitanyamaza, yamepita. Lakini matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, yale matangazo yanabandikwa tena kwenye nguzo za umeme hapa mtaani: "Tunaimarisha maombi ya udaktari." Roho inaniuma upya. Acha niseme.

Binti yangu alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. Tangu akiwa darasa la tano, alipomuuguza bibi yake wodini wiki nzima, hajataja kazi nyingine. Matokeo yakaja: Biolojia B, Kemia B, Fizikia C. Divisheni wani ya pointi saba. Mimi ni fundi cherehani, kwangu wani ni wani, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Aliyetuzima furaha ni mmoja wa wenye matangazo hayo, mwenye ofisi ya kuwajazia watoto maombi ya chuo. Aliitazama karatasi, akatikisa kichwa: "Saba ni ndogo sana kwa udaktari, mama. Hapa bila kuimarisha maombi, mtoto atabaki nyumbani." Laki moja na nusu. Zilikuwa hela za sare za shule nilizoshona usiku na mchana, nikazihesabu mbele yake.

Sikujua kwamba alikuwa ananichezea kwa hesabu. Mwalimu wa Kemia ndiye aliyekuja kunichorea kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, kwa hiyo saba ni nzuri, kadiri inavyoshuka ndivyo inavyopendeza. Vyuo vikuu vinahesabu kinyume: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Mwanangu alikuwa na pointi 11. Yule bwana anafanya kazi hiyo kila mwaka, analijua hilo vizuri. Aliitaja ile saba kwa makusudi ili nitetemeke.

Na hela ile ilinunua nini? Barua ya kujieleza na cheti cha kujitolea hospitalini. Barua mwanangu alinisomea tukiwa jikoni. Ilisema ametunza wazee kwenye makao ya wazee kwa miezi sita na kwamba anapiga piano. Alinyamaza, akaniambia, "Mama, huyu si mimi." Cheti kilikuwa na mhuri wa zahanati ambayo hajawahi kuikanyaga. Hicho alikikataa palepale, akakirudisha mezani kwao, na mpaka leo najivunia siku hiyo kuliko hata siku ya matokeo.

Tulipokuja kuuona mfumo wa maombi kwa macho yetu, hapakuwa na mahali pa kuweka barua ile. Unaingiza namba ya mtihani ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, matokeo yanavutwa kutoka NECTA, baraza la mitihani, unachagua kozi. Ushindani ni wa ufaulu. Huenda barua ya namna hiyo ina kazi yake kwa wanaoomba Uingereza. Mwanangu alikuwa anaomba Dar es Salaam, Mwanza, Moshi na Dodoma.

Niwatendee haki, kuna walichofanya vizuri. Cheti cha kuzaliwa walikihakiki RITA, wakala unaosajili vizazi na vifo, kwa ajili ya maombi ya mkopo bila usumbufu, na kijana wa mapokezi ndiye aliyetuambia tusing'ang'anie chuo cha Muhimbili cha Dar es Salaam peke yake, tuongeze Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi na Dodoma. Ushauri ule ulikuwa wa dhahabu. Mngeniuliza wakati huo, ningewasifia ofisi nzima.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Majina ya dirisha la kwanza la udahili yakatoka, binti yangu yumo kwenye orodha ya waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja: Bugando na Dodoma. Mtu wa namna hiyo lazima athibitishe chuo kimoja, na anathibitisha kwa namba maalum ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi kwenye simu aliyoombea. Tukakaa tunaitazama simu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya, wenzake wote wameshathibitisha. Tangazo la TCU, tume ya vyuo vikuu, lilisema ambaye hajapata ujumbe aingie kwenye akaunti yake aombe kutumiwa tena. Aingie vipi, na nywila wanayo wao? Usiku wa pili ndipo mwanangu akakumbuka: siku ya kujaza fomu hawakuandika namba yetu. Waliandika ya kwao.

Asubuhi tukawa wa kwanza mlangoni. Yule bwana akavuta kopo la Blue Band kutoka chini ya meza, akalimimina. Laini za simu! Zimejaa, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina la mtoto wa mtu. Akaokota ya mwanangu, akaiweka kwenye kitochi, ujumbe ukaingia, nikausikia kwa masikio yangu. Akakilaza kitochi kifudifudi.

"Elfu thelathini, mama."

"Nilishalipa, kaka."

"Ile ilikuwa ya maombi. Hii ni ya uthibitisho."

Hakuinua hata macho. Nikamwambia sina, nimebaki na nauli. Mwanangu machozi yakaanza kumtoka bila sauti, amekumbatia bahasha ya vyeti kifuani. Yule bwana akasema, "Mlie nje, kuna wateja."

Mlie nje! Mtoto aliyesomea taa ya chaji, aliyekataa cheti cha uongo!

Tulikuwa tumefika kwenye ngazi kijana wa mapokezi akatukimbilia. Akanipa risiti yangu ya zamani, nyuma ameandika namba ile kwa kalamu nyekundu, na chini yake nywila. "Nisamehe, mama," akasema, akarudi ndani haraka. Tukaingia steshenari ya jirani, mwanangu akaandika tarakimu moja moja huku mimi namsomea. Bugando ikakubali.

Kwa hiyo, muende au msiende? Nikiwa nimetulia nawaza mzazi wa kijijini asiye na simu janja, nani atamhakikia cheti RITA? Basi aende, lakini namba ya simu na barua pepe ziwe za mtoto, nywila aiandike mtoto mwenyewe, na laini isitoke mkononi mwake mpaka afike chuoni. Mwongozo wa TCU wenye sifa za kila kozi unapatikana bure mtandaoni, mwalimu yeyote anaweza kumsomea.

Lakini nikilikumbuka lile kopo, hapana. Wale watoto wengine ambao laini zao zilikuwa mle, wazazi wao walipata wapi elfu thelathini? Msiende. Hata kuskani karatasi moja, msiende pale.

Binti yangu sasa yuko mwaka wa pili. Koti lake jeupe nimelishona mwenyewe, mifuko mitatu, kama alivyoagiza. Nilitaka kuipa ofisi ile nyota moja kwa ajili ya yule kijana. Juzi nimepita nimpelekee shati nililomshonea, nikaambiwa hayupo tena, ameachishwa. Hata hiyo moja naiondoa.