Mita ya DT830B kwa kupima sensa ya joto ya mashine ya kuoshea vyombo: inatosha?

Sahani zinatoka na mafuta, kidonge cha sabuni kimebaki nusu, na programu imeganda dakika ileile kwa muda mrefu. Hapo hita ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi hubadilishwa kabla mtu hajaigusa sensa ya joto, kile kidude chenye waya mbili kinachoiambia bodi, yaani saketi ya umeme inayoiongoza mashine, maji yamefika nyuzi ngapi. Mashine nyingi husimamisha saa ya programu mpaka sensa iseme joto limetimia. Sensa ikisema uongo, hita isiyo na kasoro inaonekana mbovu.

Mita ya DT830B, ile ndogo ya kupimia umeme, ya bei rahisi, yenye swichi ya kuzungusha katikati na betri ya volti 9, inatosha kabisa kuumaliza ubishi huu. Mafundi wengi huidharau, na kwa baadhi ya kazi wana haki. Kwa sensa ya joto hawana.

Sensa hizi kwa kawaida ni za aina ya NTC: joto likipanda, ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu) unashuka. Zipo nyingi za kilo-omu 10 kwenye nyuzijoto 25, na zipo za karibu kilo-omu 50, kwa hiyo tafuta kwanza thamani ya mashine yako kwenye mchoro wake. Kwa ile ya 10, weka swichi kwenye 20k, yaani renji inayopima hadi kilo-omu 20. Kwenye renji hiyo DT830B hukosea takriban asilimia 0.8 pamoja na tarakimu mbili za mwisho, yaani 10.00 inaweza kusomeka kati ya 9.90 na 10.10. Karibu na nyuzi 25, sensa yenyewe hubadilika zaidi ya asilimia 4 kwa kila nyuzi moja. Kosa lote la mita hapo, basi, ni kama robo ya nyuzi, na maji ya kuoshea sahani hayahitaji usahihi kupita huo. Mita ya bei mara kumi itakupa jibu lilelile.

Kinachowapoteza wengi ni ile namba 10 yenyewe. Ni ya nyuzi 25, wala si ya jikoni kwako. Dar es Salaam au Mombasa, jikoni penye nyuzi 30, sensa nzima itasoma karibu 8.0. Nairobi asubuhi ya baridi, nyuzi 15, ileile itasoma karibu 15.8. Zote mbili ni nzima. Anayetafuta 10 kamili atatupa sensa nzuri na kununua nyingine itakayosoma vilevile. Pima joto la chumba kwanza, ndipo usome mita.

Kisha usiishie kwenye kipimo cha baridi. Sensa iliyochoka inaweza kusoma vizuri kabisa ikiwa baridi na kupotea ikipata moto, na ni kwenye moto inakohitajika. Chomoa plagi ya mashine ukutani, funga bomba la maji, kausha maji yaliyobaki chini kwa tambara. Katika mashine nyingi sensa iko kwenye kisima cha chini, lile shimo maji yanapokusanyika, au pembeni yake, unaifikia kwa kufungua ubao wa chini au kwa kuilaza mashine. Katika baadhi ya mashine mpya imejengwa ndani ya pampu yenye hita. Chomoa soketi yake, kwa sababu ikibaki imeunganishwa na bodi utakuwa unapima bodi na sensa kwa pamoja. Itoe sensa, chovya ncha yake tu kwenye kikombe cha maji ya moto, soketi ibaki juu, kavu. Weka pembeni kipimajoto cha jikoni. Usikisie kwa kusema maji yamechemka ni nyuzi 100, maana Nairobi yanachemka chini ya 95.

Sasa tazama kioo. Namba inashuka haraka mwanzoni, kisha polepole: 8, 6, 4, 3. Kwenye nyuzi 40 inapaswa kuwa karibu 5.3, kwenye 50 karibu 3.6, kwenye 60 karibu 2.5. Ipe dakika mbili au tatu itulie. Ikishuka laini na kukaa karibu na namba hizo, sensa ni nzima, irudishe na uende kutafuta kwingine. Ikirukaruka, kwa mfano 4.1, halafu 7, halafu 3.9, ndani mna ufa. Ikibaki juu, tuseme 4 kwenye nyuzi 60, bodi inaamini maji yana nyuzi 47 na itaendelea kuyachemsha, ndipo vyombo vya plastiki hujikunja. Ikiwa chini kupita kiasi, hita itazimwa mapema na mafuta yatabaki kwenye sahani. Kioo kikionyesha 1 peke yake kushoto, ama waya umekatika ndani au umekosea renji. Sensa ya kilo-omu 50 itakupa hiyo 1 kwenye 20k hata ikiwa nzima, hivyo peleka swichi kwenye 200k kabla ya kuihukumu.

Vidole visiguse ncha zote mbili za chuma. Mwili nao unapitisha umeme, na mikono yenye jasho inaweza kuishusha 10 hadi 9 au chini yake. Tumia klipu za mamba, vile vibanio vyenye meno.

Hapo ndipo udhaifu wa kwanza wa DT830B unapojitokeza: waya zake za kupimia. Ni nyembamba, ncha zake hulegea, na shingo yake hukatika ndani ya plastiki bila kuonekana. Kabla ya kupima chochote gusanisha ncha mbili kwenye renji ya omu 200 na utikise waya. Isome chini ya omu 1 au kuzidi kidogo, na itulie. Ikicheza, tupa waya, nunua nyingine nzito, mita yenyewe ibaki. Udhaifu wa pili ni betri: ikipungua, vipimo hupotoka. Nunua rezista moja (kipuri kidogo chenye ukinzani usiobadilika) ya kilo-omu 10 ya asilimia 1, yenye mistari ya kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia, uihifadhi kwenye mfuko wa mita. Ikisomwa nje ya 9.8 na 10.2, badilisha betri kabla hujabadilisha kipuri.

Sensa ikiwa nzima, fuata waya wake hadi kwenye bodi, chomoa soketi ya upande huo na upime tena huko. Namba ziwe zilezile. Zikitofautiana, kutu kwenye pini au waya uliokatika ndiyo kesi yako. Mashine ambayo bodi yake iko mlangoni huchosha waya kwenye bawaba, kwa hiyo fungua na kufunga mlango huku mita imeunganishwa. Fanya polepole sana, kwani mita hii husoma mara mbili tatu tu kwa sekunde na mkatiko wa haraka utaupita.

Panapotumika maji magumu ya kisima, ikague pia ncha ya sensa kwa macho. Ukoko wa chokaa huifanya ichelewe kuhisi joto ingawa kwenye kikombe itafikia namba sahihi baadaye. Dakika kadhaa kwenye maji ya asidi ya sitriki huutoa, na hapo hakuna kipuri cha kununua.

Kwa hita, mita inafaa nusu ya kazi. Hita ya wati 2000 kwa volti 230 ni karibu omu 26. Pima kwenye 200, ondoa ile omu ya waya zako, umepata jibu. Lakini kama hita inaangusha swichi ya usalama ya nyumba, DT830B haitakuambia kitu cha kuaminika. Inapima kwa volti chache tu, na hita iliyoingiza unyevu inaweza kuonekana salama kwenye 2000k kisha ikavujisha umeme ikipewa volti 230. Hapo kunahitajika kipima insulesheni cha volti 500, kifaa cha kupima kama umeme unavuja, na fundi mwenye nacho. Vilevile usiitumie kupima ndani ya mashine iliyochomekwa ukutani: tundu la ampea 10 kwa kawaida halina fyuzi, na waya zile nyembamba zikiwekwa kimakosa hapo huungua mkononi.