Bokoboko la saa nne, Kikwajuni

Miezi sita sasa, karibu kila Jumapili, asubuhi yangu huishia kwenye mgahawa mmoja mdogo wa uchochoroni, Kikwajuni, hapa mjini Zanzibar. Meza nane, na benchi moja nje chini ya kivuli. Sikutaka kuusifu mpaka mama yangu auonje. Mama anakaa Wete, Pemba, na kwenye mambo ya nazi neno lake kwangu ndilo la mwisho. Wiki iliyopita alivuka kuja harusini, nikampeleka.

Hapa chai na chakula cha mchana havijatengana. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba vyote vinatoka pamoja, kwa hiyo aliyechelewa kuamka anapata mbaazi na maandazi, na aliyekuja na njaa yake anapata bokoboko au supu ya pweza. Siku ya mapumziko huo ndio wakati wangu hasa.

Bokoboko ndilo lililonifunga. Kulipika nyumbani kunataka mtu mwenye siku nzima. Ngano iliyotolewa maganda unairoweka usiku, unaichemsha na nyama kwa moto mdogo mpaka nyama na ngano zisijuane, halafu unalisonga kwa mwiko hadi mkono ukuume. Ndugu zetu wa Omani na Yemen wana chakula hicho hicho, wao wanakiita harisi. Kwetu lilikuwa la sikukuu, na wanawake walipokezana mwiko. Mimi ninayetoka kazini saa kumi sina wa kupokezana naye. Hapa wanalipika kwa kuku, linavutika kwenye kijiko. Katikati wanatoboa kishimo, wanamimina samli, juu yake vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Kwingine nimewahi kupewa bokoboko lililoongezwa unga ili sufuria lijae, likaganda mdomoni kama gundi. Hapa sijaliona hilo hata siku moja.

Basi mama. Aliagiza mbaazi za nazi, maandazi mawili na chai ya maziwa. Akamega, akachovya, akanyamaza. Akachovya tena. Mimi nilikuwa namtazama uso tu. Mwisho akamuuliza kijana aliyetuhudumia, "Mwanangu, nazi hii mnakuna wenyewe?"

"Ndiyo, bibi. Asubuhi hii hii, kwa mbuzi."

"Na tui zito mmelitia mwisho."

Kijana akacheka, akaenda kumwita mpishi. Mpishi akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akasema, "Shikamoo, mama," na wakaanza mazungumzo ambayo mimi sikuwamo. Nilichokidaka ni hiki: mbaazi zinachemshwa kwa tui jepesi mpaka ziwive kabisa, tui zito linaingia dakika za mwisho na linakorogwa bila kuachwa, maana likiachwa lichemke ovyo linakatika, mafuta yanajitenga. Sasa ninajua kwa nini mbaazi zangu mimi huwa zina vidonge vidonge.

Mkate wa ufuta usiukose. Wanauchoma kwa makaa, mlangoni, unaona mwenyewe. Kikaango hakipakwi mafuta, ili unga ushike. Upande wa chini ukishaiva kikaango kinapinduliwa kuelekea makaa, na uso wenye ufuta unapata rangi. Unakuja mezani ukiwa wa moto, laini ndani, una harufu ya nazi na kidogo ya moshi. Kula na mishikaki. Mkate huu ukipoa hauna raha, kwa hiyo usikubali kuletewa wa tangu saa mbili, waambie unasubiri.

Urojo wao, ule mchuzi mchachu wa manjano unaotiwa kachori, ni mzuri mpaka kama saa sita. Una ukali wa embe bichi, kachori hazijalowa, chatne ya nazi ni ya siku hiyo. Baada ya hapo nadhani sufuria linaongezwa maji, kwa sababu bakuli la saa saba nililokula mwezi uliopita lilikuwa jepesi na rangi tu ya manjano. Nililipa shilingi 3,000 na sikulimaliza. Niliwaambia, wakaniomba radhi, na sijaliagiza tena saa hizo. Pweza naye ni wa bahati: siku nyingine analainika vizuri, siku nyingine unamtafuna mpaka taya zichoke. Hakupigwa vya kutosha huyo. Kwa mgahawa unaojali ngano usiku kucha, hili linaniuma.

Jumapili watu ni wengi. Ukifika saa tano utasimama, na bokoboko laweza kuwa limekwisha. Vijana wanaohudumu ni wawili tu. Wana adabu, wanakimbia, lakini hawatoshi, na mara mbili hesabu yangu ilikuja na chai ya meza ya jirani. Iangalie kabla hujalipa. Mwezi wa Ramadhani hawafungui mchana, wanauza futari ya kuchukua.

Mama alirudi Pemba juzi. Asubuhi ya safari, kabla ya kwenda bandarini, aliniambia tupitie Kikwajuni kwanza. Alinunua mikate mitatu ya ufuta, akaifunga kwenye kitambaa, na kikopo cha bokoboko akakishika mapajani, hakutaka nimpokee.